Kifurushi Kisicho na Jina la Mtumaji

Karani wa vifurushi katika stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza, ana maswali yasiyobadilika. Nani anatuma? Namba yake ya simu? Nani anapokea, na anapokelea wapi? Ndani kuna nini? Majibu huandikwa kwenye kitabu cha risiti, kisha hurudiwa juu ya mzigo wenyewe kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa kubwa, ili konda aweze kuzisoma hata kwa mwanga wa tochi. Dagaa wa kwenda Dodoma, vipuri vya pikipiki, sare ya mwanafunzi aliyeisahau nyumbani, dawa za mzee: kila kitu husafiri kikiwa na majina mawili usoni.

Kwa utaratibu huo, mchezo mmoja unaopendwa na wafumaji wa Uingereza na Marekani ungekwama palepale dirishani.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kikundi cha watu wanaofuma kwa mkono humteua mmoja wao awe mpangaji. Kila anayeingia hujaza fomu: rangi anazozipenda na zile asizoweza hata kuzitazama, kama sufu humwasha ngozi, kama hufuma kwa sindano mbili ndefu au kwa ile moja yenye ncha ya ndoano, kama ni mtu wa chai au wa kahawa. Mpangaji hupiga kura, halafu humnong'oneza kila mmoja jina la mwenzake wa kumtumia zawadi. Ujanja ni kwamba anayekutumia wewe siye unayemtumia. Wa kwanza humtumia wa pili, wa pili humtumia wa tatu, hivyo hivyo mpaka mzunguko umrudie wa kwanza. Kwa wiki kadhaa, pengine miezi, mtu hupokea vitu kutoka kwa mkono asioujua: madonge mawili ya uzi, sindano, karatasi ya maelekezo ya kufuma shali, pipi, na katika kifurushi cha mwisho kitu alichokifuma mtumaji mwenyewe. Hapo ndipo jina hutajwa.

Kandokando ya Ziwa Victoria mchezo huu una ndugu zake. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, wanafunzi wa bweni na wafanyakazi wa maofisini hucheza kile wanachokiita cacahuète. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, kila mmoja akaokota kimoja, na kwa siku kadhaa humfanyia mwenye jina hilo wema wa chinichini mpaka siku ya sherehe ya kufichuana. Katika miji ya Tanzania nako, baadhi ya ofisi na shule hufanya jambo la aina hiyo Krismasi inapokaribia. Ama kina mama wa Mwanza, wao hawahitaji kufundishwa mzunguko ni nini. Wana mchezo wa vyombo, mchezo wa vitenge, mchezo wa fedha taslimu. Zamu hupangwa, wiki hii masufuria yakaenda kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kinachokosekana ni siri tu. Kwenye upatu kila mtu anajua nani katoa, nani anadaiwa na nani kahama mtaa baada ya kupokea.

Siri hiyo ndiyo inayogongana na mazoea. Zawadi huku hutolewa mbele za watu, na ikiwezekana kwa kipaza sauti. Ukumbini mshereheshaji hutaja majina ya wanaopanda jukwaani, meza kwa meza, shangazi kwa shangazi. Kabla ya siku yenyewe, kundi la WhatsApp la kamati ya harusi limekwisha kuwa daftari la hadhara: jina, ahadi, kilicholipwa, tiki ya kijani kwa aliyemaliza. Anayechangia kisha akaomba jina lake lisiandikwe huzua maswali mengi kuliko yule ambaye hakuchangia kabisa. Na kupokea ni kukopa. Siku binti wa aliyekupa atakapopata mchumba, utakumbushwa, na hutathubutu kutoa pungufu ya kile ulichopewa.

Aniceti Kitereza aliijua hesabu hiyo kwa kina. Mkerewe huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe katika miaka ya 1940 riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mapema katika kisa hicho, Myombekere anataka kumrudisha mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, na wakwe wanamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi. Msomaji asiyeyajua mazingira hayo huenda akashangaa kurasa zote zinazotumika kuitafuta, kuitengeneza na kuifikisha pombe hiyo. Msomaji wa Nansio, kulekule Ukerewe, hashangai. Kitereza mwenyewe naye alikuwa na kifurushi alichokisubiri kwa miaka mingi: Tanzania Publishing House ilikichapa kitabu chake mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Mbali na Ukerewe, mwaka 1925, Mfaransa Marcel Mauss alichapisha insha juu ya zawadi ambayo wanafunzi wa elimu ya jamii bado wanaisoma. Hoja yake kuu ni kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mifano mingi aliitoa katika visiwa vya Pasifiki na pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika. Angepita Bukoba msimu wa senene angepata sura nzima ya kuongeza. Kwa desturi ya Wahaya, na ya Waganda pia, kuwakamata na kuwaandaa senene ilikuwa kazi ya wanawake, na mume aliyeandaliwa kitoweo hicho alitarajiwa kujibu kwa nguo mpya ya mkewe. Chakula kilienda, kitambaa kikarudi, na kijiji kizima kiliweza kuona kama nguo haikuonekana.

Mchezo wa wafumaji unaukata ule wajibu wa tatu. Huwezi kumrudishia mtu usiyemjua. Deni lako linahamia kwa mwingine ambaye hakukupa chochote, na yule aliyekupa analipwa na mtu ambaye hukuwahi hata kumsalimia. Kwa watu waliolelewa na daftari la michango huo ni usumbufu kidogo, na pia ni mapumziko. Kwa mara moja, mama anaweza kuifurahia shali bila kuipigia hesabu ya bei.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hakuna mpangaji awezaye kulizuia. Kazi ya mkono humtaja aliyeifanya.

Wape wafumaji wawili uzi wa donge moja, sindano za namba moja na maelekezo yaleyale. Vitambaa vyao havitalingana. Mmoja hukaza uzi, kitambaa kikawa kidogo na kigumu. Mwenzake huulegeza, kikawa kipana na laini. Ndiyo maana maelekezo mazuri humtaka mtu afume kwanza kipande cha majaribio, kwa kawaida cha sentimita 10 kwa 10, ahesabu vitanzi, kisha abadilishe namba ya sindano ikibidi. Anayefuma kwa mkono wa kushoto hugeuza mwelekeo wa kazi nzima, kama taswira ya kwenye kioo. Wapo wanaoficha ncha za uzi kwa ustadi kiasi kwamba hazionekani, na wapo wanaofunga fundo tu wakaendelea na maisha. Katika kikundi cha watu kumi na watano wanaokaa pamoja kila Jumamosi, mama mzoefu hukipindua kitambaa, hutazama upande wa nyuma, na akamtaja mwenyewe kabla chai haijapoa. Kwa hiyo siri huishi vizuri zaidi kati ya vikundi viwili visivyoonana mara kwa mara: wa Mwanza mjini kwa wa Musoma, tuseme, au wa Bwiru kwa wa Bukoba.

Kazi hiyo ya mkono ina historia ndefu kidogo. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, masista wa huko waliwafundisha wasichana wa familia maskini kufuma lesi kwa sindano ya ndoano ili wauze nje na kununua chakula. Ufundi huo ulienea katika nyumba za watawa na shule zao, na mashirika ya kimisionari yalipoingia kanda ya ziwa, kushona na kufuma vilifundishwa sambamba na kusoma. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilivisukuma mbele vilabu vya wanawake ambamo kina mama walijifunza mapishi, usafi wa watoto, cherehani na sindano. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 ulivikuta vilabu vya namna hiyo. Mtu anaweza kuvilaumu, na wapo waliovilaumu kwa haki, kwamba viliwafunza wanawake kupamba sebule wakati waume zao wakifundishwa uhasibu wa vyama vya ushirika. Lakini vitambaa vilibaki. Vipo mpaka leo juu ya migongo ya makochi, juu ya redio, juu ya friji, vikiwa vimetiwa wanga vikakakamaa, vingi vikiwa na lile umbo la nanasi ambalo kila aliyepita shule ya wasichana analijua.

Ufumaji wa sweta ni habari nyingine. Mwanza ni nadra kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 15, na mchana mara nyingi hukaribia 30; sweta la sufu hapa ni adhabu. Hata hivyo masweta ya shule yanahitajika, na mafundi wenye mashine za kufumia huyatoa kwa wingi kila shule zinapokaribia kufunguliwa. Kwa sindano za mkono, kazi nyingi huishia kwa watoto wachanga: kofia, soksi, shali. Hayo si mapambo tu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, sehemu kubwa ikipitia kichwani, ndiyo sababu wahudumu wa afya humtaka mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi na kumvika kofia hata kama nje jua linawaka.

Kofia hizo zimewahi kuzaa mchezo wa siri ulio mkubwa kuliko wowote wa kikundi. Mwaka 2006 shirika la Save the Children liliwaomba Wamarekani wafume kofia za watoto wachanga, na maelfu kwa maelfu wakaitikia, wengi wao hawajawahi kutoka nje ya nchi yao. Kofia zilipelekwa Malawi na Bangladesh. Aliyefuma hakujua kofia yake ingevaliwa na nani, na mama aliyeipokea hakujua imetoka kwa nani. Hapo siku ya kufichuana haipo.

Turudi kwenye njia za kanda ya ziwa, maana kifurushi lazima kipite mahali. Anayetuma kutoka nje ya nchi hukutana kwanza na swali la anwani. Kwa miaka mingi barua za Tanzania zimekwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku mara nyingi si la mtu bali ni la shule, la parokia au la mwajiri. Kifurushi cha siri kinaanza kwa kupita mezani kwa katibu muhtasi. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa vibao, lakini mazoea ya sanduku hayajafa. Kifurushi cha kutoka ng'ambo kinaweza pia kufunguliwa na forodha, na karatasi iliyobandikwa juu yake humtaja mtumaji, kilichomo na thamani yake. Baada ya hapo, siri gani tena?

Zamani njia ilikuwa ndefu zaidi. Kabla ya tawi la reli kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, mizigo mingi ya mji huu ilishuka Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, kisha ikavuka ziwa kwa meli. Meli zenyewe ziliingia kama vifurushi. MV Victoria ilijengwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikabomolewa vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli, ikaungwa tena Kisumu, na kuanza kazi mwaka 1961. Bado inafanya kazi: ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi kwenye safari ya Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Hung'oa nanga usiku, na asubuhi mikungu ya ndizi na watu huonana gatini Bukoba.

Kwa upande wa barabara, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko, iliyoweza kula saa nzima au zaidi, imebaki hadithi. Basi la Sengerema, Geita au Bukoba sasa hupita bila kusimama, na kifurushi kilichoachwa Nyegezi alfajiri kinaweza kuwa Geita kabla ya saa sita mchana. Cha Musoma huanzia Nyamhongolo, upande wa pili wa jiji. Cha Ukerewe kinategemea meli ya Nansio. Na tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, vifurushi vingi havina tena ile rangi ya mfuko wa rambo; hufungwa kwa karatasi ya kaki, kiroba kilichokatwa, au hutiwa ndani ya mfuko wa shangazi kaja uliochakaa na kushonwa mdomo.

Kwa karani na maswali yake kuna dawa: jina na namba ya mpangaji viandikwe sehemu ya mtumaji, kwa vifurushi vyote. Mpangaji awe mtu anayeaminika na, kwa maoni ya makala hii, awe asiyejua kufuma hata kidogo, asije akavutiwa kufungua ili aone mshono. Mhasibu wa kikundi cha akiba cha VICOBA anafaa. Amezoea kutunza siri nzito kuliko shali.

Limebaki suala la uzi, na hapa kanda ya ziwa ina kichekesho chake. Mwanza, Shinyanga na Simiyu ndizo kitovu cha pamba ya Tanzania. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kimezalisha tangu miaka ya 1930 aina za mbegu ambazo wakulima wanazijua kwa herufi za jina lake, kama UK91 na UKM08. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, na pamba ikaitwa dhahabu nyeupe. Mwanza ikapata kiwanda chake cha nguo, Mwatex, Musoma ikapata Mutex. Lakini leo sehemu kubwa ya pamba iliyochambuliwa huondoka nchini ikiwa marobota, na anayeingia duka la nyuzi mjini Mwanza kutafuta donge la kufumia hukutana zaidi na akriliki iliyotoka nje, uzi uliotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli. Ni wa bei nafuu, una rangi kali, unafuliwa bila kulalamika. Kwenye joto la Mwanza haunyonyi jasho. Kwa mtoto wa Mwanza mjini uzi wa pamba ungefaa zaidi, na pamba hiyo ililimwa saa mbili tatu tu kutoka dukani.

Mwenye kuandaa kifurushi, basi, atachagua kwa uangalifu. Kama mpokeaji anaishi Ngara au Karagwe, kwenye milima yenye baridi, akriliki nene haina ubaya. Kama yuko Kirumba, atafute pamba nyembamba hata kwa kuzunguka maduka matatu, atie ndani na kitu kidogo cha kwao, pakiti ya kahawa ya Bukoba au karanga za kukaanga, asitie samaki, maana harufu ya samaki haitoki kwenye uzi kwa kuosha mara moja. Na lebo ya donge isitupwe. Pamoja na jina la rangi, lebo huwa na namba ya mkupuo wa utiaji rangi. Madonge mawili ya bluu ileile yenye namba tofauti yanaweza kuonekana sawa dukani, yakatofautiana wazi kwenye jua. Mpokeaji akiishiwa uzi shali ikiwa imefika nusu, namba hiyo itamwezesha kununua mwenzake dukani bila kuuliza mtu. Bila lebo itabidi amsake aliyemtumia, na mzunguko mzima utafichuka mwezi mmoja kabla ya siku yake.